Katuni za Watu Wazima na Ushahidi wa Waliofichwa

Nazungumza nanyi leo kutoka Märsta, mji mdogo ulio yapata kilomita 40 kaskazini mwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, na jambo nililokusudia kulieleza ni la sanaa ambayo aghalabu tumeiacha mikononi mwa watoto: filamu za katuni, na hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, ambazo nyingi hazikujaza majumba ya sinema zilipotoka, lakini zikapata wafuasi waliozishika kwa mapenzi ya kudumu, wakazitazama tena na tena usiku wa manane, wakapokezana habari zake rafiki kwa rafiki, mpaka zikaishi kuliko picha nyingi zilizotangazwa kwa tarumbeta.

Huenda msikilizaji akauliza Märsta ina nini hata mazungumzo kama haya yatokee huku. Mji huu ni makao makuu ya wilaya ya Sigtuna. Mojawapo ya njia za treni zinazowachukua wafanyakazi kwenda na kurudi Stockholm hukomea hapa. Na jirani yake mkubwa ni uwanja wa ndege wa Arlanda, uliofunguliwa rasmi mwaka 1962, ambao kwa Mwafrika anayefika Uswidi aghalabu ndio mlango wa kwanza kuuona. Wakazi wengi wa Märsta hupata riziki zao katika uwanja huo, au katika mahoteli, maghala na jikoni zinazouzunguka, na jioni hurejea majumbani, wengine katika ghorofa za mtaa wa Valsta, ambako lugha za Mashariki ya Kati na za Afrika husikika pamoja na Kiswidi. Tena hapa hapa Märsta, Idara ya Uhamiaji ya Uswidi ina nyumba yenye milango ya kufungwa, ambamo huzuiliwa wageni wanaongojea kurudishwa makwao. Basi mahali hapa pana wanaofika, wanaofanya kazi, na wanaoondoshwa, wote katika ardhi moja. Na mimi nashuhudia kwamba sikuona sanaa iliyowaeleza watu wa namna hizo tatu kwa insafu kubwa kuliko hii ya michoro inayotembea, tunayoidhani ni ya kuwatuliza watoto wasilie.

Kabla ya kufika huko, yafaa kwanza tuondoe dhana mbili zinazoziba njia. Dhana ya kwanza ni kwamba picha iliyochorwa haiwezi kubeba jambo zito. Mwaka 1973 Mfaransa René Laloux alitoa filamu iitwayo La Planète sauvage, iliyobuniwa kwa michoro ya Roland Topor na kutengenezwa Prague, katika Chekoslovakia ya wakati ule, nayo ilipata tuzo maalumu katika tamasha la Cannes mwaka huo huo. Humo mna majitu ya rangi ya buluu, yenye macho mekundu, na katika milki ya majitu hayo mwanadamu ni kijinyama tu cha kuchezewa: huvishwa mavazi ya kuchekesha, hufungwa ukanda shingoni, huvutwa akikimbia, na anapozaliana kupita kiasi huangamizwa kwa gesi kama mdudu. Majitu hayo si wakatili kwa tabia. Ni wenye elimu na utulivu, hukaa kwa saa nyingi katika tafakuri, nao hawana habari kabisa kwamba wanachokichezea kina akili na uchungu. Ni nani aliyezaliwa katika nchi iliyotawaliwa na wageni, akasikia kwa babu yake jinsi mtu mzima mwenye wake na watoto alivyoitwa boi, asiyeifahamu maana ya picha hiyo kabla ya kuelezwa? Mtoto ataitazama akaogopa majitu. Mtu mzima ataitazama akajiuliza ni viumbe gani ambao yeye naye anawakanyaga bila ya kuwajua.

Dhana ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza, nayo ni mbaya vilevile: kwamba katuni ikiitwa ya watu wazima, basi lazima iwe ya uchi na matusi. Dhana hii ina asili yake. Mwaka 1972 Ralph Bakshi wa Marekani alitoa Fritz the Cat, filamu ya kwanza ya katuni kupewa nchini humo daraja la X, daraja lililowafungia vijana mlango. Ikaingiza fedha nyingi, na tangu hapo wafanyabiashara wengi wakaamini kwamba kumvua nguo paka aliyechorwa ndiko kukomaa. Mimi sikubali. Ukubwa wa mtu haupimwi kwa anachoruhusiwa kukiona, bali kwa anachoweza kukibeba: huzuni isiyo na dawa, swali lisilo na jibu jepesi, aibu ya kujiona upande wa mwenye kosa. Filamu inayomtaka mtazamaji abebe mzigo huo ni ya watu wazima hata ikiwa haina neno moja la kumtahayarisha mkwe mbele ya mkwewe.

Uswidi yenyewe ni shahidi mzuri wa jambo hili, kwa kuwa katuni zake zilianza na watu wazima. Mwaka 1915 Victor Bergdahl, mchoraji wa magazeti, alitengeneza Trolldrycken, na habari yake ni ya mlevi na yale yanayomjia kichwani kwa sababu ya kinywaji. Kisha, tangu mwaka 1916, akatoa mfululizo wa visa vya nahodha aitwaye Kapten Grogg, ambaye hata jina lake linanuka pombe. Na jambo la kuzingatia ni kwamba nchi hiyo, ambayo sisi huidhani kuwa ya uhuru usio na mpaka, ndiyo iliyoweka mwaka 1911 ofisi ya serikali ya kukagua filamu, ya zamani kuliko zote za namna yake duniani, na ofisi hiyo ilidumu karibu karne nzima. Mamlaka ya kuzikata filamu za watu wazima yalifutwa tu mwanzoni mwa mwaka 2011. Yaliyobaki leo ni madaraja ya umri, miaka 7, 11 na 15, kwa ajili ya kuwalinda watoto. Aliyetimiza miaka 15 hana mlango unaofungwa mbele yake. Nayataja haya ili nionyeshe kwamba swali la nani atazame nini ni swali la heshima katika kila taifa, wala si wasiwasi wa wazee wa Kiislamu au wa Kikristo wa kwetu peke yao.

Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Uswidi ilitoka mwaka 1968, nayo haikuwa ya watoto. Jina lake ni I huvet på en gammal gubbe, na waliotunga ni Hans Alfredson na Tage Danielsson, pamoja na mchoraji Per Åhlin. Humo mzee mmoja yumo katika makao ya wazee, naye huonyeshwa kwa picha za kawaida za kamera, kwa kuwa mwili wake uko hapo. Lakini kila anapokumbuka ujana wake, picha hugeuka kuwa mchoro. Wasikilizaji, tazameni hekima iliyomo katika uamuzi huo. Kamera hupiga picha kile kilichopo mbele yake tu. Haiwezi kumpiga picha mzee akiwa kijana, wala nyumba iliyokwisha kubomolewa, wala marehemu mkewe akicheka. Kumbukumbu haina picha ila ile tunayoichora wenyewe, na kwa hiyo mkono wa mchoraji hapo si pambo, ni chombo pekee kilichobaki.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1975, Åhlin na Danielsson walitoa katuni fupi ya televisheni, ambayo tangu wakati huo imekuwa ada ya Waswidi kuitazama kila mkesha wa Krismasi. Ni habari ya Karl-Bertil Jonsson, kijana wa miaka 14, mtoto wa tajiri mwenye duka kubwa, anayefanya kazi posta siku za sikukuu akipanga vifurushi. Kijana huyu huchukua daftari la kodi, ambalo Uswidi liko wazi kwa kila mtu, akatafuta humo majina ya wenye mapato makubwa, akavitenga vifurushi vyao, na usiku wa sikukuu akavigawa kwa maskini. Babake anapojua hushikwa na ghadhabu, akamzungusha mtoto mlango kwa mlango ili awaombe radhi walioibiwa. Na kumbe walioibiwa, badala ya kukasirika, wamefurahi kuepukana na zawadi wasizozitaka. Watoto huicheka katuni hiyo. Lakini mimi nimewaona watu wazima wa nchi hii wakinyamaza mbele yake, kwa kuwa wanaelewa kwamba inawauliza swali gumu: mali iliyozidi haja ni ya nani?

Sasa tuje karibu zaidi na maisha ya Märsta. Mwaka 2009 Tarik Saleh, mzaliwa wa Stockholm ambaye babake ni Mmisri, alitoa filamu iitwayo Metropia, na katika zote za Uswidi hiyo ndiyo inayostahiki zaidi sifa ya kuwa na wafuasi wa siri. Aliuweka mwaka wa kisa chake kuwa 2024, ambao kwetu umekwisha kupita, katika Ulaya iliyokaukiwa na mafuta, ambayo miji yake yote imeunganishwa kwa treni za chini ya ardhi. Roger, mfanyakazi wa simu katika ofisi isiyo na furaha, huiogopa treni hiyo, kwa sababu kila anaposhuka humo husikia kichwani mwake sauti ya mtu mwingine ikimsemesha kana kwamba ni fikira zake mwenyewe. Na kadiri kisa kinavyoendelea, hugundua kwamba kuna kampuni iliyopata njia ya kuingia katika vichwa vya watu kwa kupitia sabuni ya nywele wanayoinunua kwa hiari yao. Nyuso za filamu hii hazikuchorwa kwa kalamu tu: zilifanyizwa kwa picha za watu halisi, vichwa vikakuzwa na viwiliwili vikapunguzwa, macho yakawa makubwa na mazito, ngozi ikaonyesha kila kinyweleo na kila uchovu. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji huona watu asiowajua lakini anaodhani amewahi kuketi nao.

Anayepanda treni ya alfajiri hapa Märsta katika mwezi wa Desemba, wakati jua halionekani mpaka karibu saa tatu ya asubuhi, atazitambua nyuso hizo. Kila mtu ameelekeza macho yake kwenye simu, kila mtu ana sauti masikioni mwake, na hakuna asemaye na jirani. Sisemi kwamba kuna kampuni inayotuzungumza kichwani. Nasema kwamba Saleh alikuwa ameiona hali yetu miaka 15 kabla ya tarehe aliyoiweka, na kwamba aliweza kuionyesha kwa sababu mchoro humruhusu msanii kukuza kile ambacho jicho limezoea kukipita.

Na juu ya kazi zenyewe zinazotungoja mwisho wa safari hiyo, yuko Niki Lindroth von Bahr, bibi wa Kiswidi aliyeitoa mwaka 2017 filamu ya robo saa iitwayo Min börda, ikaonyeshwa Cannes, na mwaka huo huo ikachukua tuzo ya kwanza ya filamu fupi katika tamasha la Annecy, Ufaransa, ambalo katika katuni ndilo mahakama ya juu. Yeye hachori, hutengeneza vikaragosi na vijumba vidogo kwa mkono, kila kiti, kila taa, kila bango la duka, kisha husogeza kikaragosi kiasi cha unywele, akapiga picha, akasogeza tena. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, na hata mtengenezaji akiitumia kila picha mara mbili, robo saa itamdai picha zaidi ya elfu kumi. Kwa subira hiyo amejenga eneo la biashara kando ya barabara kuu, lenye hoteli ya wageni wa kukaa muda mrefu, mkahawa wa chakula cha haraka, ofisi ya wauzaji kwa simu na duka la vyakula, na humo amewaweka wanyama: samaki mpweke hotelini aliyevaa joho la kuogea, panya wanaosafisha mkahawa usiku, nyani wenye vipokea sauti masikioni. Nao wote, katikati ya kuchoka kwao, huimba na kucheza kama katika sinema za muziki za Hollywood za miaka ya 1930.

Nilipoitazama niliwaona wale panya wakipiga ngoma ya miguu juu ya sakafu waliyotoka kuipiga deki, chini ya taa nyeupe isiyo na huruma, na nikawakumbuka watu ninaowajua mimi mwenyewe, kina mama na vijana wa kwetu, wenye vyeti vya chuo kabatini, wanaosukuma mikokoteni ya usafi katika korido za mahoteli yaliyo karibu na uwanja. Lau filamu ile ingewaonyesha wao kwa kamera, mtazamaji wa Kiswidi angeuona kwanza ugeni wao, rangi yao, kilemba chao, akasema hayo ni mambo ya wahamiaji. Kwa kuwa ni panya, hana pa kukimbilia: huona uchovu wenyewe, uchovu usio na kabila, akakiri kwamba anaujua. Wazee wetu waliomtuma sungura na fisi kusema yale ambayo hayawezi kusemwa mbele ya mfalme waliijua siri hiyo zamani sana.

Lakini wasikilizaji wangu, hayo yote ni utangulizi wa jambo moja ambalo kwa ajili yake nimeomba kusikilizwa leo. Mwaka 2002 Hanna Heilborn, David Aronowitsch na Mats Johansson walitoa filamu fupi ya katuni iitwayo Gömd, ambayo sauti yake ni ya mvulana wa miaka 12, mkimbizi, aliyekuwa akiishi Uswidi kwa kujificha, akihofu kukamatwa. Na mwaka 2008 Heilborn na Aronowitsch wakatoa ya pili, Slavar, iliyoshinda Annecy mwaka uliofuata. Nayo inatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki kwa karibu sana. Wanaosema humo ni watoto wawili wa Sudan, Abuk mwenye miaka 9 na Machiek mwenye miaka 15, ambao, kama maelfu ya wenzao, walitekwa na wanamgambo walioungwa mkono na serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, wakafanywa watumwa, kisha wakakombolewa kwa juhudi za mwanaharakati wa Sudan, James Aguer, na jumuiya yake. Sauti tunazozisikia ni zao wenyewe, zilizorekodiwa katika mahojiano ya mwaka 2003. Kilichochorwa ni miili yao, na yale wanayoyasimulia.

Hapo ndipo ubora wa sanaa hii unapodhihirika. Kisheria na kiutu, mtoto anayejificha hawezi kuonyeshwa uso wake. Na mtoto aliyefanywa mtumwa hastahili kuonyeshwa, kwa kuwa picha yake ingemfuata maisha yake yote, naye angebaki mtumwa machoni pa watu hata baada ya kuwa huru. Wanahabari hutatua shida hiyo kwa kuufunika uso kwa ukungu au kumketisha mtu gizani, na kwa kufanya hivyo humfanya mwenye kudhulumiwa afanane na mhalifu. Mchoro ni mfano wa buibui: humfunika mtu bila ya kumziba mdomo, tena humwachia murua wake. Abuk wa mchoro ana uso, ana macho ya kututazama, ana mikono anayoiweka mapajani. Anasita, anavuta pumzi, anajibu kwa neno moja pale ambapo sisi tungetoa hotuba. Lakini binti mwenyewe, popote alipo, anaweza kupita njiani asitambuliwe.

Niliwahi kuitazama Slavar pamoja na jamaa kadhaa wa kwetu katika chumba kimoja cha Valsta. Ilipokwisha, mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa maziwa makuu ambaye naye ameona vita, alisema neno ambalo mpaka leo sijapata hoja iliyo bora kuliko hilo. Alisema: "Wamefanya vyema kutomwonyesha. Ningemwona uso, kesho ningemtambua sokoni, ningemtazama kwa huruma ambayo hakuiomba." Hilo ni neno la mtu aliyewahi kutazamwa hivyo.

Nasi watu wa pwani tuna deni la pekee katika mlango huu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika maelfu kwa maelfu ya watoto waliopita pale, ni wachache mno ambao maneno yao wenyewe yametufikia. Tulichonacho ni hesabu za wafanyabiashara, barua za mabalozi na picha zilizochorwa na wageni, ambamo mtumwa huonekana lakini hasemi. Abuk na Machiek ni watoto wa dhulma ile ile katika zama zetu, na kwa mara hii mtoto amesema, na mchoraji amekaa kimya akamchora anavyosema. Tofauti baina ya picha hizo mbili ni kubwa kuliko miaka iliyozitenganisha.

Njia hiyo ilifunguka zaidi mwaka 2021, wakati Jonas Poher Rasmussen wa Denmark alipotoa Flugt, ambayo wengi huijua kwa jina la Flee, kwa ushirikiano wa watengenezaji wa nchi kadhaa, Uswidi ikiwemo. Ni kisa cha kweli cha rafiki yake wa tangu ujana, Mwafghani aliyepewa jina la Amin, aliyekimbia Kabul na familia yake, akakwama Moscow, akafika Denmark peke yake akiwa kijana, na kwa miaka mingi akawa hawezi kusema ukweli wa safari yake hata kwa watu aliowapenda. Filamu hiyo iliingia katika shindano la Oscar la mwaka 2022 kwa njia tatu pamoja, ikiwa katuni, ikiwa filamu ya kweli, na ikiwa filamu ya kigeni, jambo lisilowahi kutokea kabla yake. Sielezi haya kwa ajili ya fahari ya tuzo. Nayaeleza kwa sababu kilomita chache kutoka ninapozungumza, nyuma ya milango ya nyumba ile ya kuzuilia wageni, na pia nje yake, katika vyumba vya kupanga ambako jina halibandikwi mlangoni, wako watu wenye visa kama cha Amin, na hakuna kamera inayoweza kuwafikia bila ya kuwaponza.

Mwenye hadhari ataniuliza: je, mchoro hauwezi kusema uongo? Waweza, tena kwa urahisi, na wala sitaki kulificha hilo. Wengi wetu tulisoma shuleni kitabu cha George Orwell kilichofasiriwa na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama. Kitabu hicho kilifanywa katuni Uingereza mwaka 1954 na John Halas na Joy Batchelor, na ni katika katuni za mwanzo mashuhuri zilizokusudiwa watu wazima. Lakini baadaye ilijulikana kwamba fedha zake zilitoka kwa siri katika idara ya ujasusi ya Marekani, na mwisho wake uligeuzwa: mwandishi aliwaacha wanyama wakitazama dirishani wasiweze kumtofautisha nguruwe na mtu, ilhali katuni huwaonyesha wakiinuka kuwapindua nguruwe. Kwa hiyo mwenye mali akiushika mkono wa mchoraji, mchoro humtii. Dawa yake ni mtazamaji kuuliza maswali matatu ambayo mtu mzima huyauliza mbele ya kila shahidi: sauti hii ni ya nani, ni nani aliyelipa, na je, msanii amenionyesha jinsi alivyoipata habari yake? Slavar huyajibu hayo waziwazi, kwa kuwa haifichi kwamba ni mahojiano, na watoto wamesikika kwa sauti zao. Katuni isiyoweza kuyajibu, na tuitazame kwa shaka, kama tunavyolisoma gazeti.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu tuliyoyakuta huku. Jean-Michel Kibushi wa Kongo, mara baada ya askari wasiolipwa mishahara kuipora Kinshasa mwezi wa Septemba mwaka 1991, alitengeneza katuni fupi ya uporaji ule kwa michoro ya watoto walioushuhudia. Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa mwaka 2012 Yellow Fever, ambayo kwa michoro, ngoma na sauti za jamaa zake inaeleza maradhi ya kuchubua ngozi, na jinsi mwanamke anavyofundishwa tangu utotoni kuichukia rangi aliyoumbwa nayo. Naye Godfrey Mwampembwa, Mtanzania tunayemjua sote kwa jina la Gado, alianzisha Nairobi mwaka 2009 The XYZ Show, ambamo vikaragosi vya mpira viliwasema wakubwa wa nchi kwa namna ambayo mtu wa nyama na damu asingethubutu kuijaribu akatoka salama. Vipaji tunavyo. Tulichopungukiwa ni mtazamaji mtu mzima anayekaa mbele ya kazi hizo kwa adabu ile ile anayoketi nayo mbele ya utenzi au tamthilia.

Kwa hiyo rai yangu kwenu ni ya mambo mawili. Kwanza, nyinyi mnaosimamia televisheni zetu za Dar es Salaam, Unguja, Nairobi na Mombasa: katuni msiziweke zote asubuhi ya Jumamosi. Tengeni muda wa saa moja usiku mkubwa, baada ya taarifa ya habari, watoto wakiwa wamelala, muonyeshe hizi nilizozitaja, kwa tafsiri ya Kiswahili, na baada yake muwaalike watu wazima wazijadili. Pili, nyinyi wenzangu mlio ughaibuni: watafuteni vijana wetu wenye mkono wa kuchora, wapo katika kila ghorofa, muwaketishe pamoja na wazee waliovuka jangwa na bahari, na sauti zirekodiwe sasa, kwa Kiswahili, wakati wenyewe wangali hai na kumbukumbu zao hazijatiwa ukungu. Mzee asiyetaka uso wake uonekane, mwambieni kwamba hatuhitaji uso wake. Tunahitaji kauli yake, na kijana wa kuichora kwa amana. Asiyeweza kuchora na aandike. Asiyeweza kuandika na abonyeze kitufe cha simu yake aweke sauti. Kazi hiyo haingojei studio wala fedha za wafadhili, nayo ikichelewa haitafanyika kamwe.